Mwanamke wa Eddy Kamuanga Akitazamwa Kutoka Shinkolobwe

Wasomi wenzangu, leo sileti habari za ajira wala za bursari. Naleta swali la picha. Picha ya mwanamke mmoja, iliyochorwa kwa rangi kwenye kanvasi, inaweza kubeba uzito wa mgodi mzima? Na ikiubeba, huyo mwanamke anabaki mtu, au naye anageuka kuwa madini?

Nauliza kwa sababu ya Eddy Kamuanga Ilunga. Ni mchoraji wa Kinshasa, kazaliwa 1991, umri wa kaka zetu tu. Alipita kwenye Académie des Beaux-Arts ya hapo Kinshasa, akaona mafundisho yale yanambana, akatoka, na mwaka 2011 yeye na wenzake wakaanzisha studio yao waliyoiita M'Pongo. Leo kazi zake zinaonyeshwa na October Gallery ya London, na ukimtaja mbele ya mtu anayefuata sanaa ya Afrika, huna haja ya kueleza ni nani. Sisi wa Likasi na Lubumbashi wengi wetu tunamjua kwa njia moja tu: kwenye simu. Shikeni hilo la simu, nitalirudia.

Kama hujawahi kuona picha zake, nikueleze. Ni kanvasi kubwa, watu wake wana ukubwa unaokaribia wa mtu halisi. Anachanganya akriliki na rangi ya mafuta. Zilizomtambulisha ni zile za Wamangbetu, watu wa Haut-Uélé kule kaskazini-mashariki, na ndani yake wanawake wana nafasi kubwa. Amevikwa kikwembe, kile wenzetu wa Tanzania na Kenya wanachoita kitenge, chenye mikunjo mingi na rangi zinazopiga kelele: nyekundu, buluu, njano. Kichwa kimechongoka kwenda nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya Wamangbetu ya kuwafunga watoto vichwa tangu wachanga ili fuvu lirefuke. Halafu unafika kwenye ngozi. Ngozi ni nyeusi, na juu yake imejaa mistari myembamba, vituo, pembe, njia zinazokatana. Ni saketi. Ni yale maumbo unayoyaona fundi akifungua simu yako mezani kwake.

Hapo kila mtu anaelewa, na hapo ndipo tatizo langu linapoanzia. Kila mtu anaelewa haraka mno. "Aa, koltani!" Basi, picha imesomwa, tunapita. Kongo ina koltani, koltani inatoa tantalamu, tantalamu inaingia kwenye vikondensa vidogo vya simu na kompyuta, dunia inatunyonya, mwanamke anateseka. Yote ni kweli. Lakini kama picha inamalizika kwa sentensi moja, kulikuwa na haja gani ya kuichora? Si tungeandika hiyo sentensi tu kwenye bango?

Mimi nina kipimo changu kwa picha za namna hii, picha za alama. Ondoa alama kichwani mwako. Chukua mwanamke wa Kamuanga, mfute saketi zote, mwachie ngozi ya kawaida. Je, anabaki mtu wa kutazamwa? Kama hakuna kinachobaki, mchoraji alikuwa na wazo tu, hakuwa na mwanamke. Kama anabaki, basi alama ilikuja kumwongezea kitu mtu ambaye tayari yupo.

Nimefanya hivyo na picha zake kadhaa, tena na tena, na kwa maoni yangu mwanamke anabaki. Kinachombakiza ni mwili. Tazama anavyokaa. Mabega yameshuka. Uzito umeegemea upande mmoja. Shingo imeinama kama ya mtu aliyemaliza kulia, au aliyemaliza kubeba, au ambaye hakuna tena anachotaka kukuambia. Huyu si mwanamke anayesimama ili achorwe. Amechoka, na amechoka kwa namna tunayoijua sote: ile ya mama anayerudi sokoni saa kumi na mbili jioni, anakaa kwanza kwenye kiti cha lupango, havui hata viatu, na hakuna anayethubutu kumwuliza kitu kwa dakika tano. Kamuanga ameuona uchovu huo. Ndiyo sehemu ya kazi yake ambayo haiwezi kuandikwa kwenye bango.

Na kikwembe nacho kinafanya kazi yake. Mwili umelegea lakini nguo haijalegea. Mikunjo imechorwa kwa subira, kila ua la kitambaa limepewa haki yake. Mtu aliyechoka namna hii bado amejipamba. Kwetu hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Mwanamke wa Katanga anaweza kukosa pesa ya unga, lakini Jumapili kikwembe kitatoka sandukuni kimenyooka. Heshima yake iko pale. Kwa hiyo ndani ya picha hiyo hiyo una vitu viwili vinavyogombana, mwili unaosema basi na nguo inayosema bado. Ugomvi huo unanishika kuliko saketi zote.

Sasa turudi nyuma miaka mia moja kidogo, kwa sababu mwanamke wa Kimangbetu hakuanza kuwa alama kwa Kamuanga. Mwaka 1924 hadi 1925 kampuni ya magari ya Citroën ilifanya msafara wake wa kuivuka Afrika, ule ulioitwa Croisière Noire. Msafara ulikuwa na mchoraji wake, Mrusi Alexandre Iacovleff, na ulikuwa na watu wa kamera. Kwa Wamangbetu walimpiga picha mwanamke mmoja aitwaye Nobosodru. Walimpiga kwa upande, kichwa kirefu kikipanda nyuma, nywele zimefunguka juu kama ua. Picha hiyo ikazunguka Ulaya na Marekani. Ikawa bango la filamu ya msafara. Wasanii wakaiiga. Mwaka 1927 Aaron Douglas, mchoraji Mmarekani mweusi, alitoa kwake umbo la jalada la jarida la Opportunity huko New York, yeye akiwa na nia tofauti kabisa, nia ya fahari ya watu weusi.

Angalieni kilichotokea. Nobosodru jina lake tunalijua, hilo ni bahati. Lakini waliolitumia umbo lake hawakuhitaji jina. Walihitaji mstari: paji, pua, shingo, kichwa. Mwanamke akawa kama chombo cha kauri kilichowekwa mezani, kizuri kutoka upande. Na kichwa chake kila mara kimeinuliwa, kimenyooka, kwa sababu aliyelegea haleti bango zuri.

Ukijua hilo, uchovu wa wanawake wa Kamuanga unapata maana nyingine. Kachukua umbo lile lile ambalo Ulaya ililipenda, kichwa kile kile, halafu akaliinamisha. Ni kama anasema: mlimtazama huyu kwa miaka mia, hamkuuliza kama shingo inauma. Hapo namvulia kofia. Hiyo ni akili ya mchoraji, na kaisema kwa shingo tu, bila maneno.

Lakini sifa haifuti deni. Kuna mambo mawili yananisumbua, na yananisumbua kwa sababu natoka upande huu.

La kwanza ni jiografia. Wamangbetu ni wa Haut-Uélé. Koltani inachimbwa zaidi Kivu na Tanganyika. Mwanamke wa kule kabandikwa ngozi ya huku. Mtu atasema, ni alama, si ramani. Sawa. Lakini nchi yetu imeumizwa sana na watu waliosema "Kongo" kana kwamba ni shimo moja. Dhahabu ya Ituri si kobalti ya Kolwezi, na kobalti ya Kolwezi si urani ya Shinkolobwe. Kila shimo lina watu wake na magonjwa yake. Alama inayofaa kila mahali inaanza kufanana na nembo ya kampuni.

La pili ni uso. Wanawake hawa mara nyingi wameinamisha sura au wamegeuka, na hata anapoelekea kwako, mistari imetawala ngozi kiasi kwamba ukikutana naye kesho sokoni humtambui. Mchoraji amefanya hivyo makusudi, ndiyo maana yenyewe: madini yamemeza mtu. Naelewa. Ila ukiishi mahali ambapo jambo hilo limetokea kweli, swali linakuwa jingine. Je, ni kazi ya picha kuonyesha tena kwamba mtu amemezwa, au ni kumtoa tumboni?

Na hapa ndipo naileta Shinkolobwe. Iko kama kilomita 20 tu kutoka Likasi mjini. Wengi wetu tumekua tukisikia jina lake kuliko kupaona. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aligundua pale mawe yenye urani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga ikayachimba, si kwa ajili ya urani wakati huo, bali kwa radiamu iliyosafishwa Olen, Ubelgiji. Radiamu hiyo ikatawala soko la dunia. Ilitumika hospitalini kutibu saratani, ikatumika viwandani kupaka namba za saa ziwake gizani. Vita ikaja. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, akapeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York, yakakaa kwenye mapipa Staten Island. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu.

Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Na Sharp? Sharp alipewa jiwe. Wataalamu walikuta Shinkolobwe aina za madini ambazo dunia ilikuwa haijazijua, na kila aina mpya inahitaji jina. Mwaka 1938 moja ikaitwa sharpiti, kwa heshima ya Sharp. Nyingine ni bekereliti, kwa heshima ya Mfaransa Becquerel. Nyingine kuriti, kwa heshima ya Pierre Curie. Na mwaka 1924 profesa Mbelgiji Alfred Schoep akaeleza jiwe la rangi ya njano kutoka Shinkolobwe akaliita sklodowskiti, kwa heshima ya Marie Skłodowska Curie.

Someni hiyo tena taratibu. Shinkolobwe ina mwanamke mwenye jina, na mwanamke huyo ni Mpoland aliyeishi Paris. Simuonei wivu, Marie Curie alistahili heshima na kazi yake hiyo hiyo ya mionzi ilimdhuru. Lakini jiwe la kwetu lilipata jina la mwanamke wa mbali kabla mwanamke wa hapa hajaandikwa popote kama mtu mwenye habari yake.

Maana walikuwepo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliamua wafanyakazi wakae na familia zao kambini badala ya kuletwa kwa mkataba mfupi na kurudishwa. Mke akawa sehemu ya hesabu ya kampuni. Alipewa posho, alifundishwa kushona na kutunza nyumba kwa namna waliyoitaka wao, watoto wake walipimwa uzito. Bila yeye mchimbaji angeondoka. Kampuni ilijua hivyo vizuri, ndiyo maana ilimlisha. Alifua nguo za mume aliyerudi na vumbi. Kwa vumbi la Shinkolobwe, jiulizeni wenyewe. Na baadaye, mgodi uliofungwa mwaka 1960 ulipovamiwa na wachimbaji wa mikono mwishoni mwa miaka ya 1990 wakitafuta kobalti, wanawake walikuwa tena pale, kama wanavyokuwa kwenye kila machimbo ya mikono ya Katanga, wakiosha mawe, wakiuza bukari na maji. Januari 2004 Rais akapiga marufuku uchimbaji. Mwezi wa Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ikaporomoka, watu 8 wakafa. Umoja wa Mataifa ukatuma wataalamu wake, ripoti ikaandikwa.

Sasa mpe mchoraji kazi hiyo: nichoree mwanamke wa Shinkolobwe. Koltani ni rahisi, unachora saketi. Mionzi utaichoraje? Haina rangi. Haina harufu. Haimgusi mtu siku ile ile. Najua jibu la haraka ni lipi, kwa sababu nimeshaliona kwenye mabango mengi: mwanamke anayewaka kijani. Jamani, hapana. Ule mwanga wa kijani ni wa filamu na vitabu vya katuni, na ukimchora hivyo, umempeleka huko huko kwenye vitabu vya katuni. Shinkolobwe inamshinda mchoraji wa alama kwa sababu inamnyima alama iliyo tayari. Inamlazimisha amtazame mtu.

Kwa hiyo nikiwaweka wanawake wa Kamuanga pembeni ya shimo letu, naona nguvu yao na naona kikomo chao. Nguvu yao ni ile shingo. Kikomo chao ni kwamba wameegemea kitu kinachoonekana kirahisi.

Na tusiongee kana kwamba picha za alama zimetufikia juzi kutoka Kinshasa. Waulizeni wazazi wenu waliokulia kambini. Kwenye miaka ya 1970, katika saloni za wafanyakazi wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, kulikuwa na picha ya mwanamke ukutani. Mamba muntu. Juu mwanamke, chini samaki. Ngozi nyeupe au ya maji ya kunde, nywele ndefu, mikufu, na mara nyingi saa mkononi. Ilichorwa kwa rangi za bei nafuu kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, ikauzwa mtaani kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Na kila aliyeinunua alijua habari yake: huyu anakupa utajiri, lakini utamlipa, na malipo si pesa. Anaweza kudai ukimya wako. Anaweza kudai mtu wa nyumbani mwako.

Wasomi wa nje walipoandika kuhusu mamba muntu walieleza mengi ya maana. Mimi naona jambo moja la kawaida sana. Ni picha ya mkataba na kampuni. Utajiri kutoka chini, ambao sura yake ni nzuri na masharti yake hayasomeki. Mchimbaji wa Gécamines aliyeitundika saloni hakuhitaji kufundishwa maana. Na ile saa ya mkononi, mimi kila nikiiona namkumbuka yule mfanyakazi wa kiwandani anayepaka radiamu kwenye namba za saa. Sisemi mchoraji wa Lubumbashi alifikiria hivyo. Nasema picha inayojua watu wake inaweza kujua zaidi ya mchoraji wake.

Tofauti ni hii: mamba muntu ilikuwa alama ya watu walioinunua. Alama na mnunuzi waliishi nyumba moja. Picha ya Kamuanga inachora ngozi ya kwetu na inaning'inia London. Simlaumu yeye, mtu lazima ale, na serikali zetu hazijajenga mahali ambapo angeuzia. Lakini tusijifanye hatuoni njia. Mawe yalitoka hapa kwa reli mpaka bandarini, yakavuka bahari, thamani yake ikapanda huko. Picha ya mwanamke aliyeumizwa na mawe hayo inapita njia inayofanana, na sisi tunarudishiwa kivuli chake kwenye simu, simu yenye tantalamu ndani na kobalti kwenye betri. Mwanamke wa Kamuanga tunamtazama kupitia kitu kile kile kilichomgeuza ngozi. Labda ndiyo namna ya kweli kabisa ya kumtazama. Ila inauma.

Kuna mtu ataniambia: basi acha alama, chora mwanamke alivyo. Yupo anayefanya karibu na hivyo. Sungi Mlengeya, Mtanzania, naye kazaliwa 1991, alikuwa mfanyakazi wa benki kabla ya kuiacha ajira hiyo mwaka 2018 ili achore tu. Wale mnaoshikilia barua ya ajira mkiogopa kufuata mnachokipenda, mtajieni mama zenu jina hilo. Anatumia akriliki. Wanawake wake ni weusi na kahawia, na nyuma yao hakuna kitu, ni weupe mtupu. Hata nguo mara nyingi inayeyuka kwenye weupe ule, unabaki na uso, mikono, bega. Hana saketi, hana fuvu, hana nyoka. Mwanamke anakutazama au anacheka au anageuka, na ni mtu fulani, si "mwanamke wa Afrika".

Nikiwaweka hawa wawili sambamba, naona kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana. Wa Mlengeya wana uso na wana uhuru, lakini weupe ule umefuta pia mahali. Hujui wametoka wapi, nani aliwadai nini. Wa Kamuanga wana historia mpaka kwenye vinyweleo, lakini uso umelipa gharama. Kwa Shinkolobwe ningetaka vyote viwili, na sioni kwa nini tusivitake. Mwanamke mwenye sura yake, na nyuma yake shimo lake, si la mwingine.

Hapo nawarudia nyinyi. Mtasema sisi si wachoraji, tuna diploma za sheria, za uchumi, za jiolojia. Kweli. Lakini kuna mtu aliyetuonyesha kazi yetu ni ipi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyezaliwa 1947, mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi hii kwa picha kama mia moja. Kila picha alimweleza Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale Lubumbashi. Na alimweleza kwa lugha gani? Kwa Kiswahili cha huku kwetu, kile ambacho wengine wanakicheka. Kitabu kilichotoka 1996 kinasimama juu ya mazungumzo hayo. Maana yake nini? Kwamba kusema kwa akili kuhusu picha, kubishana nayo, kuidai ukweli, kulishafanyika kwa lugha hii, tena na mtu asiye na digrii, miaka hamsini iliyopita. Sisi wenye digrii tunasubiri October Gallery watuandikie maelezo kwa Kiingereza ndipo tujue picha ya dada yetu ina maana gani.

Kwa hiyo kipimo changu kinabaki kile kile, na nawaachia mkitumie, hata kwenye picha ya kijana wa mtaani kwenu anayechora ukutani mwa duka la simu. Usianze na kuuliza "inamaanisha nini". Anza na kuuliza "ni nani huyu, amekaaje, amechoka wapi". Ukishampata mtu, alama itajieleza. Ukikosa mtu, hata saketi elfu hazitakusaidia.

Kamuanga kampata mtu, kwa shingo na kwa kikwembe. Uso ameuacha. Nadhani aliuacha kwa sababu yeye ni wa Kinshasa, na mwanamke wa mgodini kwake ni wazo kwanza, mtu baadaye. Hilo si dhambi. Ila mwanamke wa Shinkolobwe kwetu si wazo. Ni bibi wa mtu unayesoma naye, aliyeishi kambini, aliyekula posho ya Union Minière, na ambaye bado anaweza kukuambia vumbi lile lilikuwa rangi gani kwenye maji ya kufulia. Wanaoweza kujibu hivyo wanapungua kila mwaka. Mchoraji atakayemchora ipasavyo atahitaji mtu amwambie anaitwa nani, na hiyo si kazi ya London. Nendeni mkamwulize mkiwa likizo, mwandike jina lake, mwandike alivyokaa alipokuwa anasema.